Jumapili za Rebeccah

Ukiambiwa jambo mara moja utalipuuza. Ukiambiwa mara nane, utaanza kujitazama kwenye kioo na kujiuliza umepungukiwa nini. Mimi niliambiwa mara nane, Jumapili nane mfululizo, na mwambiaji alikuwa Nyanchoka, binti ya shangazi yangu, ambaye mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Leo tena nimemwona Kipkosgei wako," aliniambia Jumapili ya nane, hata kabla hajavua viatu vya kanisani. "Anapanda kilima cha kwa Mzee Jonah na kale kasanduku kake ka spana. Na amenyoa ndevu, Mongina. Mtu ananyoanga ndevu kuenda kutengeneza redio?"

"Si redio. Ni amplifaya ya valvu."

"Na hiyo valvu inaitwa Rebeccah?"

Nilimrushia kitambaa cha meza, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Swali lile lile nilikuwa nimejiuliza tangu alfajiri.

Kipkosgei alikuwa na kibanda cha kutengenezea redio pale sokoni Kapkatet, na mwaka ule wa tisini na sita hakukuwa na fundi mwenye mikono kama yake kutoka Litein mpaka Bomet. Mzee Jonah alikuwa na amplifaya kubwa ya zamani ya kukuza sauti, ile ya valvu za kioo, pamoja na gramafoni yake. Aliachiwa na meneja mmoja mzungu wa shamba la chai alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa imenyamaza miaka kumi na mmoja. Mzee alikataa katakata mashine ile isitoke nyumbani kwake, maana mafundi, alisema, huiba viungo vya ndani kama wezi wa kuku. Basi Kipkosgei akawa anaenda kuitengenezea huko huko, kila Jumapili, siku ambayo kibanda kilikuwa kimefungwa.

Jumapili ndiyo siku ambayo Rebeccah, binti wa pekee wa Mzee Jonah, hakuwa na zamu hospitalini. Nesi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini. Na Mkipsigis, jambo ambalo mama yake Kipkosgei asingechoka kulitaja.

Mama huyo, Mama Chepkurui, alinikaribisha chai mara moja tu. Akanisifu nywele. Kisha akamgeukia mwanawe na kumuuliza kwa Kikipsigis kama wasichana wa kwao wameisha. Alidhani sielewi. Mimi baba yangu, Mzee Omwenga, alihamia Bureti kutoka Kisii kabla sijazaliwa. Kikipsigis nilikijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Niliimeza ile chai na maneno yake pamoja, nikashukuru kwa heshima.

Jumatano Kipkosgei alinijia kazini, katika kituo cha kununulia majani chai ambapo nilikuwa karani wa mizani. Alisubiri mpaka mama wa mwisho aondoke na gunia lake tupu.

"Mashine imeiva," alisema. "Jumapili hii Mzee Jonah ataisikia ikiimba. Nataka twende wote."

"Mimi niende kufanya nini huko?"

"Kwa sababu akifurahi, nitamwomba neno. Nitamwomba aongee na mama juu yako. Mama anaweza kukataa maneno ya askofu, lakini hawezi kukataa ya Mzee Jonah. Yeye ndiye alisimama na sisi tukizika baba."

Moyo wangu uliruka, kisha ukaanguka papo hapo. "Na mzee mwenye binti hajaolewa, ndiye atakuombea msichana wa Omwenga?"

Kipkosgei aliitazama ndoano ya mizani, akatabasamu. "Hiyo wivu yako ikiwekwa hapa, hii mizani itavunjika."

"Jibu swali."

"Jibu ni kwamba nakupenda, Mongina. Jumapili, saa nane. Vaa ile nguo ya kijani."

Nilivaa ile nguo ya kijani. Nilioga mara mbili na kuvisugua vidole kwa limau, kwa sababu utomvu wa majani chai huacha weusi usiotoka hata ukiomba. Haukutoka.

Rebeccah ndiye aliyetufungulia mlango. Hakuwa amejipamba, na hilo liliniuma zaidi, kwa kuwa mwanamke asiyejipamba siku ya wageni ni yule anayejua kwamba hana haja.

"Kip!" alisema, uso ukimchangamka. Kip! Mimi mwenyewe, miaka miwili ya mapenzi, nilikuwa bado namwita Kipkosgei. "Na huyu ndiye Mongina. Karibu sana. Nimesikia jina lako mpaka nikafikiri nakujua."

"Asante, sista," nilijibu. Nilimwita sista kama mgonjwa anavyomwita nesi, ili ajue sikuja kuzoeana.

Chai ililetwa. Vikombe vilikuwa sita vya maua ya samawati, na kimoja cha bati kilichobonyea. Rebeccah alimpa Kipkosgei kile cha bati bila kumuuliza, na bila sukari. Mimi nilijua kwamba hanywi sukari. Sikujua kwamba kuna mwingine anayejua.

Mzee Jonah alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote, kofia magotini. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Chamgei. Wewe ni msichana wa nani?"

"Chamgei mising, mzee. Wa Omwenga, yule wa kule chini karibu na mto."

"Omwenga wa migomba! Baba yako aliniuzia ndizi ikaiva nyumba nzima ikanukia wiki mbili." Alicheka vizuri, nami nikapata matumaini kidogo. "Kaa pale karibu na spika, mama, usikie vizuri. Leo hatuongei. Leo tunasikia."

Kiti nilichoonyeshwa kilikuwa upande wa pili wa chumba. Spika ilikuwa kabati refu la mbao, na nyuma yake zilitoka waya mbili nyekundu zilizopita kando ya mguu wangu mpaka kwenye meza ya mashine. Kule mezani, hatua tano kutoka kwangu, walisimama Kipkosgei na Rebeccah.

Kipkosgei akabonyeza swichi. Hakuna kilichotokea. Nilitaka kusema kitu, Rebeccah akaweka kidole mdomoni. Kumbe walikuwa na utaratibu wao: valvu hazifanyi haraka, lazima zipate moto kwanza, na zikiwa zinapata moto watu hunyamaza na kuziangalia. Taratibu vile vioo vikaanza kuwaka kwa ndani, vyekundu, kama makaa chini ya majivu. Wote wawili waliinama kuvitazama, na mwanga ule mdogo ukawaangukia usoni kwa pamoja. Dakika tatu nzima. Wewe jaribu kumtazama mchumba wako akiwa karibu hivyo na mwanamke mwingine dakika tatu, kimya, halafu uniambie wivu ni dhambi.

"Mongina, kuja uchague sahani," Kipkosgei aliniita hatimaye. Labda aliuona uso wangu.

Nilienda. Sahani za santuri zilipangwa ndani ya kasha la mbao, mia moja au zaidi. Nilitoa moja nyeusi inayong'aa, na kabla sijaigeuza Rebeccah alinishika kiganja.

"Usiguse kwa mistari. Shika kwa ukingo, hivi. Vidole viko na mafuta." Akaona vidole vyangu. Akaviona vizuri, vile vyeusi. "Ama... hakuna shida. Wacha nikusaidie."

Aliichukua ile sahani mkononi mwangu kwa upole. Nilirudi kwenye kiti changu nimechomeka mikono chini ya mapaja.

Sitasema uongo: muziki ulipoanza, nilisahau kuchukia. Ilikuwa rumba ya zamani, na haikutoka kwenye spika kama inavyotoka kwenye kaseti. Ilitoka nene, yenye joto, gitaa likiwa hapa, mwimbaji akiwa pale karibu na mlango. Mzee Jonah alipiga kofia yake magotini. Kipkosgei akanitazama kutoka kule ng'ambo, akanikonyeza, na kwa muda wa wimbo mmoja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Bureti.

"Kijana," mzee alisema wimbo ulipokwisha, "wewe si fundi. Wewe ni daktari. Ulisema una neno unataka kuniambia."

"Niko nalo, mzee." Kipkosgei akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nitalisikia. Lakini kwanza hiyo nyingine. Ile ndogo. Rebeccah, unajua gani."

Rebeccah aliitoa juu ya kabati la vyombo, si kwenye kasha. Ilifungwa kwa leso nyeupe. Akampa Kipkosgei. Vidole vyao vilikaa pamoja juu ya ile sahani kwa muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji.

"Ongeza sauti," mzee akasema, macho ameshafunga. "Ongeza mpaka mwisho."

Sauti za wanawake zikajaa nyumba. Wimbo wa kanisani, kwa Kikipsigis, wa kwaya ya zamani. Ubeti wa kwanza, kiitikio. Ubeti wa pili, kiitikio. Mimi sikuwa nikisikiliza tena. Nilikuwa nikimtazama Rebeccah akisogea, polepole, mpaka kichwa chake kikalala juu ya bega la Kipkosgei. Na Kipkosgei hakusogea. Aliinua mkono, akamshika mgongoni.

Mbele yangu! Nikiwa nimevaa nguo ya kijani!

Kwetu tuna kaseti na spika moja iliyotumbukizwa ndani ya chungu ili ivume. Baba akitaka kuomba, na sisi watoto tumeishupalia, hasumbuki na swichi. Huchomoa waya, nyumba ikanyamaza, tukafumba macho. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kuzima muziki. Basi nikainamisha mkono kando ya mguu wangu, nikazikamata zile waya mbili nyekundu nyuma ya spika, nikavuta.

Nyumba ikanyamaza kama nilivyotaka. Lakini mashine haikunyamaza. Ilianza kulia yenyewe, mlio mwembamba kutoka ndani ya chuma. Valvu moja ikawaka rangi ya buluu. Pakatokea mlipuko mdogo, kisha harufu ya kitu kinachoungua, na moshi ukapanda taratibu kuelekea kwenye dari. Kipkosgei aliruka, akaipiga swichi.

Mzee Jonah akafungua macho.

"Mama Rebeccah alikuwa anaanza ubeti wake," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeamshwa vibaya. "Ubeti wa tatu ni wake peke yake. Alikuwa anavuta pumzi. Nilimsikia akivuta pumzi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na laiti ningeelewa dakika moja mapema. Mama Rebeccah alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita. Sauti yake ilikuwa imebaki duniani mahali pamoja tu, kwenye ile sahani ndogo iliyofungwa kwa leso, na mumewe alikuwa ameingoja Jumapili nane.

Kipkosgei alikuwa ameshafungua kifuniko. Aligusa, akanusa, mabega yakamshuka.

"Ni transfoma ya kutolea sauti, mzee. Imeungua. Hii mashine haiwezi kuwashwa bila spika, umeme unakosa mahali pa kuenda, unarudi kuchoma ndani." Akafuata waya kwa macho mpaka kwenye spika, akaona ncha zake zikiwa sakafuni. Nami mikono yangu ilikuwa imekunjwa mapajani kama ya mtoto mwema. "Lazima nilizibana vibaya. Zimechomoka. Ni makosa yangu."

"Nilikuamini," mzee alisema.

"Najua, mzee."

"Watu waliniambia nitafute fundi wa Kericho mwenye umri. Nikasema hapana, huyu ni mtoto wa rafiki yangu, mkono wake ni wa baba yake." Alivaa kofia. "Hilo neno lako, kaa nalo. Sina masikio ya maneno leo."

Kipkosgei aliinamisha kichwa. Lile neno lilikuwa mimi.

"Mongina," Rebeccah aliita, "hebu nisaidie na vikombe."

Jikoni alifunga mlango, akageuka. Machozi yalikuwa bado mashavuni lakini macho yalikuwa makavu.

"Nilikuona," alisema.

Niliweka vikombe mezani. "Basi enda uwaambie."

"Niwaambie nini? Nikisema mimi, Kip atakuacha leo, na kesho atanichukia mimi niliyesema. Mimi si mjinga." Akaweka vikombe kwenye karai, kimoja kimoja. "Ni mama yangu alikuwa anaimba, wewe. Nilishika mtu wa kwanza aliyekuwa karibu."

"Ulishika wangu."

"Ndiyo. Nilishika wako." Alinitazama moja kwa moja. "Unataka nikudanganye? Nampenda. Jumapili nane nimempikia chai nikingoja aseme kitu, na kila akifungua mdomo ni Mongina hivi, Mongina vile. Ati Mongina anapima majani bila kumwibia mtu hata robo kilo. Ati Mongina ni mkweli." Alichukua kile kikombe cha bati, akakisugua bila sabuni. "Sasa tutaona."

Hakuna tusi ambalo lingeniingia kama lile. Nilisimama pale nikinusa moshi uliotufuata mpaka jikoni, na nitaungama kila kitu: nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia Kipkosgei ni mwanamume, lawama haiui. Nilijiambia tutapata mzee mwingine wa kumwendea mama yake. Kisha nikasikia sauti yake kule sebuleni, "Nisamehe, mzee," mara ya tatu au ya nne, akiomba msamaha wa kosa langu kwa unyenyekevu wa mtoto. Nikafungua mlango.

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Waya hazikuchomoka zenyewe. Nilizivuta. Kipkosgei hakukosea kitu."

Kipkosgei alinyanyuka kutoka pale alipokuwa amechuchumaa. "Ulizivuta kwa nini?"

"Nilidhani itanyamaza tu. Kwetu tunazimanga hivyo. Sikujua itaungua."

"Sijauliza hivyo. Kwa nini?"

Mzee alikuwa akitazama. Rebeccah alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Hakuna mwanamke aliyewahi kuvuliwa nguo mbele za watu kama nilivyovuliwa alasiri ile, na nilijivua mwenyewe.

"Kwa sababu aliweka kichwa kwa bega yako," nilisema, "na wewe hukusogea."

Nje ng'ombe wa mzee alilia mara mbili. Hatimaye Mzee Jonah alivuta pumzi, akavua kofia tena.

"Kijana, hilo neno lako lilikuwa huyu?"

"Lilikuwa huyu, mzee."

"Ulitaka nimwambie Mama Chepkurui akubali huyu."

"Ndiyo."

"Na bado unataka?"

Kipkosgei alinitazama. Nilitafuta mapenzi kwenye yale macho, nikayaona, lakini yalikuwa yamekaa mbali, nyuma ya kitu kingine ambacho sikukizoea. "Bado," alisema.

"Basi sikia. Huyu msichana ameunguza mashine na amesema ukweli, na ukweli nimeuheshimu. Nitaenda kwa mama yako. Lakini nitaenda siku ile nimesikia ubeti wa tatu mpaka amina. Si kabla. Hiyo transfoma inapatikana?"

"Haipatikani tena, mzee. Itabidi niisuke upya kwa mkono. Waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tatu na zaidi, tabaka juu ya tabaka, na karatasi katikati. Nikikosea moja naanza tena. Ni miezi mitatu. Labda minne."

"Hapa hapa. Mashine haitoki."

"Hapa hapa. Kila Jumapili."

"Na huyu," mzee alisema, akinionyesha kwa kofia, bila ubaya, "asikanyage karibu na mashine yangu mpaka siku hiyo."

Nilimtazama Rebeccah. Hakutabasamu, na nilitamani angetabasamu ili nimchukie kwa urahisi. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akarudi jikoni.

Kipkosgei alinisindikiza mpaka langoni. Mvua ya saa kumi ilikuwa imeanza kukusanyika juu ya mashamba ya chai.

"Ulinifikiria hivyo?" aliuliza.

"Alisema anakupenda. Ameniambia jikoni kwa mdomo wake."

"Najua anapenda. Mimi si kipofu." Alinishika mkono, vidole vyangu vyeusi ndani ya vyake vilivyonuka moshi. "Na nitaketi na yeye miezi minne, Mongina, kwa sababu yako. Nitakunywa chai yake. Akilia juu ya mama yake, sitamsukuma. Sitasogea. Uko sawa?"

"Siko sawa."

"Najua hauko sawa. Lakini utangoja?"

Nilitaka kumwambia twende, tuache mzee na kwaya yake, tuache mama yake, tukaoane Kisii kwa babu yangu kesho asubuhi. Lakini ile pumzi mimi ndiye niliyeikata. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nitangoja, na kwa kweli sikujua kama naweza.

"Haya, nenda nyumbani kabla mvua," alisema. "Nataka kufungua ile transfoma kukiwa na mwanga, nihesabu mizunguko yake. Nitapitia kwenu jioni."

"Jioni saa ngapi?"

Kutoka ndani ya nyumba Rebeccah aliita kwamba chai imeiva, na Kipkosgei akafunga lango, mimi nikiwa upande wa barabara.